Tofauti ya Saa Sita Isiyokuwepo

Kwa Msimamizi,
Ukurasa wa Mtandaoni wa Umbali na Muda wa Safari za Ndege.

Ndugu Msimamizi,

YAH: MALALAMIKO JUU YA KILOMITA ZENU, DAKIKA ZENU, NA TOFAUTI YA SAA SITA AMBAYO HAIPO

Nakuandikia kwa heshima zote, nikiamini barua hii itakukuta umeketi mahali penye upepo mzuri, mbali kidogo na kikokotoo chako. Mimi ni fundi saa. Nina miaka thelathini na minne katika kazi hii, kwenye chumba kile kile cha mbele cha nyumba yangu, chenye meza moja, stuli yangu, stuli ya mteja, na ukuta uliojaa saa mpaka chokaa haionekani. Mtaani wananiita Bwana Dakika. Jina hilo sikulitafuta, lakini nikiitwa naitika.

Leo nimefunga duka na simu nimeizima, ili nikuandikie bila kukatizwa na watu wanaouliza kama betri zimefika. Sasa hivi ni saa nne na robo asubuhi. Binti yangu wa pekee, ambaye sijamtia machoni kwa miaka tisa, anatua leo saa nane. Teksi itanifuata saa saba na dakika tano. Kwa hiyo nina muda wa kutosha wa kukueleza mlivyonikosea, na nitakueleza kwa mpangilio.

Ukurasa wenu nilionyeshwa na jirani yangu, fundi simu. Unaandika uwanja wa ndege wa kwetu, unaandika ule wa alipo binti yangu, unabonyeza, na kufumba na kufumbua mnajibu: Umbali, kilomita 9,870. Muda wa safari, saa 12 na dakika 5. Tofauti ya majira, saa 6. Mistari mitatu tu, nami nimeshindwa kupata hata mmoja wa kuusamehe.

1. KUHUSU KILOMITA

Mnasema mmepima kwa mstari mnyoofu. Ndugu yangu, nani anaishi kwenye mstari mnyoofu? Mimi kwenda tu kwa muuza mkate, ambaye namwona kutoka hapa nilipoketi, nazunguka mtaro, nazunguka gari bovu lililoegeshwa tangu mwaka juzi, halafu namzunguka fundi viatu, ambaye usipomsalimia kwa kirefu ananuna wiki nzima.

Halafu mmepima kutoka uwanja hadi uwanja. Binti yangu halali uwanjani. Anakaa ghorofa ya tano kwenye jengo ambalo lifti yake, kwa maelezo yake, ina hali kama ya saa alizokuwa ananiletea mwalimu mkuu: inahitaji kupigwa kofi kwanza. Kutoka hapo hadi uwanjani ni mabasi mawili na treni. Na mimi pia silali uwanjani. Kutoka dukani kwangu ni dakika arobaini, kama kwenye mzunguko mkubwa wa barabara hakuna foleni. Tangu mzunguko ule ujengwe, siku isiyo na foleni bado tunaisubiri. Kilomita zote hizo mmezitupa wapi? Zina watu wake.

Nimepima mwenyewe kwa rula, kwenye ramani ya dunia iliyobandikwa nyuma ya mlango wangu. Nimepata sentimita kumi na nane na nusu. Ukiikunja ile ramani vizuri, viwanja viwili vinagusana kabisa. Sisemi mkunje dunia. Nasema kwamba kama kazi yenyewe ni kupima mahali ambapo hakuna mtu anayepita, hata mimi naiweza, na sihitaji umeme.

2. KUHUSU NDEGE MNAYOIPIGIA HESABU

Saa kumi na mbili na dakika tano. Niliandika namba hizo kwenye kikaratasi nikampelekea mwanamke anayekata tiketi, yule mwenye ofisi juu ya duka la vioo. Alizitazama akatabasamu kwa huruma. "Mzee, ndege hiyo haipo," akasema.

Haipo! Kutoka kwa binti yangu kuja kwetu hakuna ndege ya moja kwa moja, na haijawahi kuwepo. Ziko ndege tatu, na katikati yake viwanja viwili vya kukaa ukitazama watu wengine wakiondoka. Jumla ni saa thelathini na moja. Ninyi mmekaa mkaipigia hesabu ndege isiyokuwepo, mkaipa mwendo, mkaipa njia, na nisingeshangaa mngeipa na rubani.

Chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ambazo nilizisoma kwa lenzi ninayotumia kukagua springi za saa za kike, mmeandika "makadirio tu". Mteja akiniletea saa inayokosea kwa saa kumi na tisa, mimi simwambii "makadirio tu". Naifungua nikaona kilichooza.

Na hizo dakika tano je? Mtu anayekadiria husema "kama saa kumi na mbili hivi". Ukishaongeza dakika tano, hapo umeapa. Mimi ni fundi saa, naheshimu dakika, na dakika zenu tano ndizo zilizonifanya niwaamini.

3. KUHUSU MIAKA

Binti yangu aliondoka kwenda kusomea utengenezaji wa meno ya bandia. Vidole vyake ni vyangu. Akiwa na miaka kumi alikuwa anaweza kuokota skrubu ya saa kwa kibano bila kuidondosha, nami nilidhani vidole vile vitarithi meza hii. Vimeishia kwenye meno ya watu nisiowajua. Alisema ni miaka miwili tu. Wa pili ukaisha, ikawa mtihani. Baada ya mtihani ikawa kazi. Baada ya kazi zikawa karatasi za ukaazi, kwamba akitoka kabla hazijatoka, huenda wasimrudishe. "Mwakani, Baba." Nimehesabu "mwakani" saba.

Sisi mafundi tukimaliza kutengeneza saa, tunakwaruza tarehe kwa sindano ndani ya kifuniko cha nyuma, ili fundi atakayekuja baadaye ajue. Ndani ya saa yangu ya mkononi nimekwaruza tarehe aliyoondoka. Kwa ushahidi huo, muda halisi wa safari kati ya viwanja hivi viwili ni miaka tisa, miezi miwili na siku kumi na moja. Kama mnabisha, leteni bisibisi.

4. KUHUSU MAZISHI

Lalamiko hili sikutaka kuliandika, lakini ndilo lililonifanya ninunue bahasha.

Miaka minne iliyopita mke wangu, mama yake, alifariki Jumanne alfajiri. Nilimpigia binti yangu. Alilia, nami nikalia, kisha nikafanya kama fundi: nikaenda kwa jirani nikaomba anifungulie ukurasa wenu. Saa kumi na mbili na dakika tano. Nikapiga hesabu. Akipanda Jumanne jioni, Jumatano asubuhi yuko mlangoni. Nikawatangazia watu kwamba mazishi ni Jumatano saa kumi alasiri, na kwamba mtoto atakuwepo. Niliyatangaza mimi mwenyewe, kwa kujiamini, kwa kuwa nilikuwa na dakika tano zenu mfukoni.

Jumatano saa kumi alasiri watu walikuwa wamesimama pale kaburini. Wingu lilikuwa zito upande wa pili. Binti yangu alikuwa kwenye kiti cha chuma katika uwanja wa tatu, nchi nyingine kabisa, akiingoja ndege ambayo ingeondoka usiku. Hilo sikulijua, simu yake ilikuwa imekwisha chaji. Watu wakaanza kunong'ona kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mmoja akanigeukia akasema, "Mwenye saa ni wewe." Zikaongezwa dakika tano, zile zile zenu. Hakuonekana. Ikaamuliwa tuendelee.

Aliwasha simu jioni, kwetu mvua imeshanyesha na kukatika. Nilipomwambia tumemaliza, akasema basi hana anachokuja kufanya. Akageuza njia. Mwaka mzima hakunipigia, nami sikumpigia, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Ninyi mko wapi katika habari hii? Mko kila mahali. Mngeandika saa thelathini na moja, ningesema mazishi ni Alhamisi, na mtoto angemwona mama yake. Nimelala na jambo hili miaka minne, Ndugu Msimamizi, na kila nikilala nawakuta ninyi upande wa pili wa kitanda.

Naomba radhi, nimekatizwa. Dada yangu, anayekaa nami tangu msiba ule, ameniletea chai na swali. Swali lake ni la kipuuzi, lakini linaniingiza vizuri kwenye lalamiko linalofuata. Ni saa tano na dakika ishirini.

5. KUHUSU TOFAUTI YA SAA SITA

Hapa sasa mmeingia kwenye kazi yangu, na nitasema bila kupepesa.

Mnadai kati ya kwetu na kwa binti yangu kuna tofauti ya saa sita. Hakuna. Tulipoanza kuongea tena, nilitundika ukutani saa moja maalumu nikaifuatisha majira ya kwake. Naiita saa ya binti. Mimi na wewe tunajua jinsi saa zetu zilivyo: mshale ukiwa kwenye nane, mdomo unasema mbili, mshale ukiwa kwenye tatu, mdomo unasema tisa. Tumezoea tangu utotoni kusoma upande wa pili. Lakini saa ya binti haina mzunguko huo. Kwangu ikiwa saa nane mchana, mshale wake uko kwenye nane. Kwangu ikiwa saa tatu usiku, mshale wake uko kwenye tatu. Kati ya saa zote za ukuta huu, hiyo peke yake mshale na mdomo vinakubaliana.

Miaka mitatu sasa tunaishi hivyo. Akiandika "nitakupigia 3.00", simu inaita saa tatu kamili. Akiandika "8.00", inaita saa nane. Namba anayoandika yeye ndiyo ninayoisema mimi, na haijawahi kukosea hata mara moja. Sasa hiyo tofauti ya saa sita iko wapi? Mimi na mwanangu tuko kwenye saa ile ile. Mmekaa huko mnatenganisha watu ambao hawajatengana.

Swali la dada yangu ndilo hili. Wiki iliyopita binti yangu alinitumia tiketi yake. Imeandikwa kwamba anatua 08.00, na chini yake ameandika: "Baba, usimtume mtu. Safari hii uningoje wewe mwenyewe. Sitoki pale mlangoni mpaka nikuone." Sasa dada yangu, ambaye hajawahi kufungua hata saa ya mezani, amesimama na sinia mkononi akaniuliza, "Kaka, hiyo nane ya kwenye karatasi si ndiyo mbili yetu?" Nikamweleza kwa upole habari ya saa ya binti. Nikamwonyesha ukutani. Nikamkumbusha ni nani katika nyumba hii mwenye miaka thelathini na minne katika fani. Akaniangalia, akasema, "Haya, mwenye saa ni wewe," akaondoka. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Kwa hiyo, Ndugu Msimamizi, naomba yafuatayo, na sioni kama ni makubwa:

(a) Muifute tofauti ya saa sita leo hii, na kila aliyewahi kuisoma ajulishwe kwamba haikuwepo.

(b) Mahali palipoandikwa saa 12 na dakika 5, muandike miaka 9, miezi 2 na siku 11. Mkipenda, ongezeni "makadirio tu".

(c) Hizo dakika tano zenyewe mnirudishie kwa bahasha ya rejesta.

(d) Mumwandikie binti yangu barua, ikiwa na mhuri, mkikiri kwamba aliyemnyima mazishi ya mama yake ni ninyi, wala si baba yake. Hili ndilo ninaloliomba kwa mikono miwili. Mengine yote mkiyakataa tutaelewana.

(e) Kama (d) haiwezekani, basi visogezeni viwanja. Watu wanaoweza kupeleka ndege isiyokuwepo kilomita 9,870 hawawezi kushindwa na lami.

Ni saa sita na nusu. Shati nimepiga pasi, viatu vimeng'aa, saa yangu nimeiweka sawa na ya redio hadi kwenye sekunde. Nitafika kabla ya wakati, kwa kuwa mimi nikisema nitamngoja mtu, namngoja.

Naishia hapa kwa kuwa teksi haiandikiwi barua. Nisalimie wote ofisini: wanaopima, wanaojumlisha, na yule aliyeongeza dakika tano, ambaye naomba umwambie nina salamu zake za pekee. Msalimie rubani wa ile ndege isiyokuwepo, na abiria wake wote. Dada yangu naye anasalimia, ingawa hajui nakuandikia wewe.

Wako katika kutafuta ukweli wa saa,

Fundi Saa (Bwana Dakika)

Tanbihi: Ni saa kumi na moja jioni, na bahasha bado sijaifunga.

Tofauti ya saa sita ipo. Nimeikuta uwanjani, imekaa juu ya begi, imevua viatu.

Nilifika saa nane kasoro dakika kumi, nikijisifu mwenyewe. Nikamuuliza mlinzi wa mlangoni, mama mmoja mnene mwenye filimbi, kama ndege ya saa nane imeshatua. Akanitazama juu mpaka chini. "Saa nane hapa haitui ndege, mzee. Ya saa mbili asubuhi imetua zamani, watu wameshafika makwao wameoga." Kisha akainama karibu. "Ngoja kwanza. Wewe ndiye baba uliyezima simu?" Binti yangu alikuwa amenipigia mara ishirini na sita, kwa simu ya mama huyo. Mlinzi alikuwa amemsihi achukue teksi, akakataa. Alisema ana miadi na mtu pale mlangoni.

Sikumtambua upesi. Ameanza kuvaa miwani, na amekuwa na uso wa mama yake. Hakunigombeza. Alinishika mkono wa kushoto, akaitazama saa yangu, akaitazama ya ukutani. "Iko sawasawa, Baba," akasema. "Haijapoteza hata dakika." Halafu akavaa viatu. Nililia pale pale, mbele ya mama wa filimbi, na sioni haya kuliandika.

Kwa hiyo tiketi yake ilikuwa sahihi, tofauti yenu ilikuwa sahihi, na dada yangu alikuwa sahihi. Tulipofika nyumbani dada alisema maneno mawili tu, "Mganga hajigangi," akaenda kupasha chakula moto. Ombi (a) naliondoa. Ombi (b) na (c) pia. Viwanja viacheni vilipo.

Ombi (d) nalo naliondoa, na sababu yake lazima niieleze. Kwenye foleni ya mzunguko mkubwa binti yangu aliniuliza swali ambalo hajawahi kuniuliza miaka yote minne: "Siku ile mlinisubiri muda gani?" Nikamwambia dakika tano. Akauliza nani alisema muendelee. Sasa, katika lalamiko la nne hapo juu nimeandika "ikaamuliwa". Neno hilo lifuteni. Hakuna kilichojiamua. Wachimba kaburi walikuwa wameegemea sepetu zao, na mkubwa wao aliniambia kwa mdomo wake, "Mzee, sisi hata mpaka kesho tutangoja." Ni mimi niliyetazama saa, nikaona aibu kwamba Bwana Dakika amechelewesha watu, nikasema tuendelee. Ninyi mlikuwa mbali sana, na hamkusema lolote.

Nilimwambia hivyo hivyo, bila kupunguza. Dereva aliizima redio. Binti yangu aligeukia dirishani mpaka tukautoka ule mzunguko wote, kisha akaniwekea mkono wake juu ya goti.

"Mimi ningekungoja mpaka kesho, Baba," akasema.